Rezini iliyokataa kukauka, na fundi wa kucha wa Kondele

Wiki 3 nzima rezini, plastiki ya majimaji inayoganda, ilininyima usingizi. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa kutengeneza njia nyembamba ya kupitishia mwanga kwa polima inayogandishwa na mwanga wenyewe. Unamimina akrileti, ambayo ndiyo rezini yenyewe, unaimulika kwa taa ya nanomita 405, inakuwa ngumu na angavu kama kioo. Kwangu ilitoka na utando unaonata juu, vumbi likaushika, na nikielekeza leza nyekundu ndani mwanga ulivuja njiani kama maji ya mfereji uliopasuka.

Nililaumu taa. Nikalaumu kichochezi, ile kemikali inayoanzisha kuganda ikimulikwa. Nikalaumu stima ya Kisumu, ambayo kusema kweli haikuwa na hatia safari hii.

Jumamosi moja nikamsindikiza dadangu saluni, Kondele. Fundi alimpaka jeli, akauweka mkono wake ndani ya taa ya zambarau, kisha akafuta kila ukucha kwa pamba iliyolowa spiriti. Nikauliza anafuta nini.

"Hiyo ya juu huwa haishiki, kakangu. Hewa inaizuia."

Nilijisikia mjinga. Oksijeni hunyakua radikali, zile chembe tendaji zinazotoka kwa kichochezi kikimulikwa, kabla hazijaanza kuunganisha minyororo ya polima; chini, ambako hewa haifiki, rezini inashika vizuri. Hata kwenye mtihani nilikuwa nimelijibu swali hilo!

Jumatatu nikailaza juu ya rezini plastiki angavu ya kufunikia ripoti, nikianzia upande mmoja polepole ili povu lisibaki. Nikawasha taa sekunde 60. Nilipobandua, juu palikuwa pakavu, hapanati kidole.

Ikabaki shida ya kiini, yaani sehemu ya ndani mwanga unamopita, na ganda. Kiini lazima kipinde mwanga zaidi ya ganda linalokizunguka, la sivyo mwanga hautabaki ndani. Kifaa cha maabara cha kupima upindaji huo kilikuwa kimeharibika, nikaazima cha mjomba anayefuga nyuki Muhoroni, kile cha kuangalia kama asali ina maji mengi. Kinasoma Brix, kipimo cha sukari, lakini ndani yake kinapima jinsi mwanga unavyopinda: Brix 80 ni sawa na kipimo cha upindaji cha takriban 1.49. Nikachanganya akrileti mbili kwa vipimo tofauti, tone baada ya tone, hadi kiini kikalipita ganda kwa 0.01. Inatosha. (Kifaa nilikisugua kwa spiriti hadi vidole vikakauka, mjomba hapendi mchezo na asali yake.)

Chupa moja niliisahau dirishani, ikaganda yote kwa jua la adhuhuri. Tangu hapo nazifunga kwa foili.

Bado mwanga ulitoka hafifu, kwa sababu ncha nilizokata kwa wembe zilikuwa na mikwaruzo. Nikarudi Kondele kununua kile kisponji chenye pande 4 cha kung'arishia kucha. Usiku huo nikazima taa ya chumba, nikawasha leza upande mmoja wa kipande cha sentimita 4. Upande wa pili, juu ya kiganja changu, likatua doa jekundu.