Unga wa moto

Jumamosi jioni nilikuwa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, nikitazama majukwaa ya chuma ya San Marco yaliyosimama baharini. Kwenye jukwaa hilo la Waitaliano, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, ilirushwa setilaiti ya Marekani ikapewa jina Uhuru. Kila nikilikumbuka, moyo hunijaa.

Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kutafuta eksirei za angani, maana angahewa huzizuia zisitufikie. Ikaiona Cygnus X-1, chanzo cha eksirei kilicho katika kundinyota la Cygnus, ikibadilika mwanga mara kadhaa kwa sekunde. Kitu kikubwa hakiwezi kupepesa upesi hivyo, basi chenyewe lazima kiwe kidogo. Leo tunajua ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata nuru haikitoroki, lenye uzito wa majua 21 hivi, linalozungukana na nyota kubwa ya buluu kila baada ya siku 5.6 na kufyonza gesi yake.

Lakini shimo lisilotoa nuru litang'aaje? Mimi nalielewa kwa unga. Bibi alikuwa akinituma mashineni na mahindi, na nikirudi joto la unga lilipenya kata hadi utosini. Hakuna aliyeuweka motoni; ni kule kusagwa tu. Gesi nayo haitumbukii shimoni moja kwa moja. Huzunguka kama sahani, pete za ndani zikikimbia kuliko za nje, zikisuguana, zikishuka kidogo kidogo, hadi joto linafika mamilioni ya digrii na eksirei zinatoka. Kwa njia hii asilimia 6 ya tungamo la gesi, pengine hata 40, hugeuka nishati. Jua letu likiunguza hidrojeni hupata asilimia 0.7 tu.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mashimo makubwa ndiyo yenye sahani za baridi. Chukua mawili yanayokula kwa kadiri ya uzito wao. Lililo zito mara 10 hutoa mwanga mara 10, lakini eneo la sahani yake ni mara 100, basi joto hutawanyika. Ndiyo maana sahani za majitu ya katikati ya galaksi hung'aa zaidi kwa urujuanimno, mwanga usioonekana wenye nguvu pungufu, kuliko kwa eksirei.

Na uzito bila chakula si kitu. Shimo la katikati ya galaksi yetu, Sagittarius A*, lina uzito wa majua milioni 4, ila gesi inayolifikia ni haba mno, likabaki hafifu.

Ilipofika saa tatu usiku, kundinyota la Cygnus lilikuwa juu upande wa kaskazini. Kijana aliyekuwa akisukuma dau lake majini akasimama.

"Kaka, watazama nini?"

Nikamwonyesha kwa kidole, kisha nikamweleza habari ya majukwaa. Akauliza setilaiti iliitwaje. Nilipomtajia akalirudia jina mara mbili, akamwita nduguye aje asikie.