Kukopa harusi

Leo nimekumbushwa deni na mtoto wa miaka saba, mbele ya watu, na nimerudi nyumbani nacheka peke yangu njiani.

Nilikuwa dukani kwa Mangi nachukua nusu kilo ya sukari, ile ya "niandikie, tuonane mwisho wa mwezi". Nyuma yangu alisimama mwanafunzi wangu, mtoto wa mama muuza vitumbua, katumwa mafuta ya kula. Huyu amenisumbua akili tangu Januari. Irabu anazijua, ba be bi bo bu anaongoza wenzake, lakini mwandikie neno moja ubaoni, anaangalia dari. Anaimba, hasomi. Aliyewahi kushika darasa la kwanza ananielewa.

Juu ya mizani Mangi kabandika kipande cha boksi chenye maandishi ya maka peni. Nikasikia: "Ku... ko... pa." Kimya. "Ha... ru... si." Sikugeuka; ukigeuka wanaacha. "Ku-li-pa. Ma-ta..." Akakwama. Nga bado hatujaifikia. Akajaribu na, akajaribu ga, akanong'ona kitu, kisha ikamtoka: "Nga! Matanga!" Akarudia yote kwa mkupuo, akaniangalia.

"Mwalimu, kwani na wewe unakopa?"

Mangi alicheka mpaka akaiweka kalamu chini.

Nashika darasa la kwanza tangu 2014. KKK, yaani mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, imeingia 2015 nikiwa hapa, na Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, nilipokea watoto 130 kwenye chumba kimoja. Niliosoma nao chuo wengi wamejiendeleza, wako sekondari au halmashauri. Shoga yangu mmoja ameshapaua. Mwaka jana na mimi niliitwa: ualimu mkuu, shule ya jirani, na posho ya madaraka kila mwezi. Nikakataa. Mama aliniuliza nani kaniroga.

Asije mtu akasoma hapa akadhani nasema mshahara si kitu. Neno "wito" silipendi. Nimeona linavyotolewa: siku tukiulizia fedha za likizo au kupandishwa daraja, ndipo tunaambiwa kazi yetu ni wito. Wito haununui unga. Makato ya mkopo yakishapita, kinachobaki nakijua mpaka shilingi ya mwisho, na hakijawahi kunifurahisha. Wivu pia ninao. Nikipita kwenye ile nyumba ya shoga yangu naangalia bati, siangalii maua.

Ila nina kaunta buku moja ambayo hakuna aliyenituma kuiandika. Mthibiti ubora wa shule akija anataka azimio la kazi na andalio la somo. Daftari hili hajawahi kuliona. Humo naandika tarehe ambayo mtoto amesoma kitu mwenyewe, bila kuimba, bila mimi kuelekeza, na kitu chenyewe. Mmoja alianzia kwenye mfuko wa saruji. Mmoja kwenye tangazo la mganga lililopigiliwa nguzo ya umeme, neno la pili sikulitamka mimi darasani hata siku moja. Mmoja alisoma jina la babu yake kaburini, akaja mbio asubuhi kunieleza, shikamoo akaisahau.

Usiku ule wa kupiga hesabu za posho, daftari hilo lilikuwa chini ya kikokotoo. Posho ingemaliza mkopo mapema, hesabu ilikubali. Nikamfikiria mwalimu mkuu wetu: vikao, taarifa, fedha za ruzuku, wazazi mlangoni. Anafundisha akipata nafasi, na darasa la kwanza halifundishwi kwa nafasi. Nikafungua ukurasa mtupu, nikaukodolea macho muda mrefu kuliko nilivyozikodolea zile tarakimu.

Kama nilikosea, sijui. Mwezi ukifika tarehe 18 huwa nadhani nilikosea.

Leo nimeandika: "Kukopa harusi kulipa matanga. Dukani, saa kumi na moja jioni." Kwa Mangi nadaiwa 14,500. Darasani wamebaki 27 ambao hawajaingia daftarini.