Usiku wa Sutherland

Mwezi Mei nilikwenda Sutherland, mji mdogo katika nyanda kavu za Karoo nchini Afrika Kusini, kwa nia ya kuiona kwa macho yangu galaksi kibete iitwayo M60-UCD1. Safari nzima ya kutoka Dar es Salaam naiacha, ila nitasema kwamba nyumba ya wageni ilinitoza fedha ya ziada kwa ajili ya hita, katika mji ambao usiku maji huganda, na mpaka leo nauona huo ni udhalimu.

Kule mlimani, kwenye kituo cha kutazamia nyota, wageni hawachungulii kwa darubini kubwa ya SALT, bali kwa nyingine ndogo waliyowekewa. Mwongozaji aliielekeza kaskazini, nikaiona M60, galaksi kubwa iliyo jirani ya ile niliyoifuata, doa la ukungu mfano wa pumzi juu ya kioo. Nilipouliza ile ndogo iko wapi, akanijibu kwa upole kwamba mwanga wake ni hafifu mno kwa darubini ile. Nilinyamaza, kwani nilikuwa nimejinyima miaka miwili kwa ajili ya usiku huo.

Nadhani aliusoma uso wangu, maana alikaa nami akanieleza habari za galaksi ile ndogo. Umbali wa miaka ya nuru milioni 54 kutoka kwetu, nyota zipatazo milioni 140 zimesongamana katika upana wa miaka ya nuru 300 tu. Mwaka 2014 wataalamu waliopima mwendo wa nyota hizo walitangaza kwamba zile za katikati zinakwenda kasi isiyoelezeka bila shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano ambao hata nuru haiponyoki, lenye uzito wa majua milioni 21, karibu asilimia 15 ya uzito wa galaksi yote. Shimo kubwa hivyo halitarajiwi katika galaksi ndogo hivyo; kwa hiyo yaelekea hicho ni kiini tu cha galaksi iliyokuwa kubwa zaidi, ambayo mvutano wa M60 uliipokonya nyota zake za nje.

Kisha akaigeuza darubini kwenye Omega Centauri, kundi la nyota zilizosongamana, na jicho langu likajaa chembe za mwanga kama chumvi iliyomwagika juu ya kaniki. Nyota zake ni kama milioni 10, na wataalamu wengi huamini kwamba nayo ni kiini cha galaksi ndogo iliyomezwa na hii yetu. Nikauliza kama huonekana Pangani, kwetu. Akasema huonekana hata bila darubini, upande wa kusini.

Usiku uleule nilimpigia mama simu, nikamwomba atoke uani atazame kusini, juu ya mnazi. Akatoka, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia: “Mwanangu, huku masika hayajaisha, ni mawingu matupu.”