Ukungu wa Kabale na mimi mtu wa Tanga

Mume wangu anapenda mwezi wa Juni. Mimi Juni naivumilia tu. Tumeishi Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, miaka kadhaa sasa na hilo hatujaelewana, wala sidhani kama tutaelewana. Yeye ni Mkiga, kazaliwa kwenye milima hii, na kwake Juni maana yake mtama umekaribia kuvunwa, barabara imekauka, na lori lake haliserereki kwenye miteremko. Mimi natoka Tanga. Kwetu Juni ni kipupwe: kusi inavuma, joto limepoa, na usiku mtu anatafuta shuka la pili. Shuka, si blanketi.

Kabale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kampala, ambako watu wa pwani wakifika tu wanaanza kulalamika baridi, ni kama mita 1,200. Usiku wa Juni na Julai huku kwetu nyuzi hushuka hadi 10 hivi, na nyumba ni ya matofali na mabati, haina cha kuipasha moto. Nilishaambiwa hayo kabla sijaolewa. Nikaja na masweta ya mitumba, soksi nene na kofia ya sufu ambayo dada yangu aliicheka mpaka machozi. Basi baridi yenyewe niliizoea upesi kuliko nilivyotarajia. Kilichonielemea kilikuwa kitu kingine, ila kila mtu alikiita baridi, nami nikakiita hivyo hivyo.

Nina hoteli ndogo kando ya barabara ya kwenda Katuna, mpakani na Rwanda. Chai ya tangawizi, mahamri, chapati, maharage, na pilau kila Ijumaa. Wateja wangu wengi ni madereva wa malori kutoka Mombasa na Dar es Salaam, Wakongo wa biashara, na wanajeshi wanaopita. Kiswahili nakisema kutwa nzima, kwa hiyo upweke wa lugha sikuujua. Hata hivyo kuna miezi nilikuwa naamka mzito. Mwili unanyanyuka, moyo umebaki kitandani. Namgombeza msichana wa kazi kwa kijiko kilichoanguka. Natamani vitu vya wanga na sukari tu, na usingizi hauishi. Dereva mmoja mtu mzima, ambaye mimi namwita baba, aliniuliza siku moja: "Mama Tanga, leo sukari imekwisha dukani au imekwisha usoni mwako?" Watu walicheka. Mimi niliingia jikoni nikalia, na sikujua ninalia nini.

Nilikwenda hospitali. Malaria hakuna, damu haijapungua, mimba hakuna. Nesi akaniambia ni mabadiliko ya hali ya hewa, nizoee. Lakini mambo mawili hayakuingia akilini. La kwanza, uzito ule ulikuwa unaondoka kila siku, karibu saa nne au saa tano asubuhi, kisha mchana wote mimi ni mzima, natania na watu. La pili, miezi mibaya haikuwa miezi ya mvua. Aprili mvua inapiga mabati hadi hatusikilizani, nami niko sawa. Juni haidondoki hata tone, nami sifai.

Jibu nililipata shambani kwa mama mkwe. Shamba lake liko juu mlimani, kwenye yale matuta ya ngazi ambayo Kigezi yote, yaani eneo hili la milima ya Kabale, imechongwa. Alinitaka twende kuchimba viazi, akanipitia kungali na kiza. Tulipanda ndani ya ukungu, namwona yeye mbele yangu na jembe lake, zaidi ya hapo hakuna kitu. Matone yananing'inia kwenye nyusi. Viatu vimelowa kwa umande. Tukapita matuta ya maharage, tukapita miti ya mikaratusi, na ghafla ukungu ukawa mwepesi, ukapata rangi, tukatokea juani. Jua kabisa, la kufumba macho. Nikageuka nyuma: bonde lote limejaa weupe kama maziwa kwenye bakuli, mji haupo, barabara haipo, vilele tu vimechomoza. Mama mkwe, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, akanitazama nilivyoduwaa, akasema, "Wewe mwanangu unakaa chini. Chini hakuna asubuhi."

Siku ile nilichimba viazi nikiimba. Nilirudi hotelini mchana, msichana wa kazi akaniuliza kama nimepokea pesa.

Sababu yake niliielewa baadaye. Hewa baridi ni nzito, na usiku huteremka mlimani pole pole hadi kujikusanya bondeni. Mabonde yetu yana vinamasi na mashamba yenye maji, kwa hiyo unyevu haukosekani. Hewa ikipoa vya kutosha unyevu ule unakuwa ukungu, na ukungu haukubali kuondoka mpaka jua liupashe, saa tatu, saa nne. Miezi ya kiangazi usiku hauna mawingu, ardhi inapoteza joto lake lote angani, ndiyo maana ukungu wa Juni ni mzito kuliko wa Aprili. Miezi ya mvua mawingu ya usiku huzuia joto lisipotee, na mara nyingi asubuhi inakuja safi. Kumbe hesabu yangu ya kwamba mvua si mbaya ilikuwa na mantiki.

Na kuna suala la saa. Uganda na Tanzania tunafuata majira ya saa yaleyale, lakini Kabale iko mbali sana magharibi. Jua la Kabale huchomoza karibu saa moja asubuhi, likicheza kama nusu saa tu mwaka mzima. Tanga linawahi kwa nusu saa hivi au zaidi. Mimi tangu utoto nimezoea kuamka saa kumi na moja, na kwetu ukishaswali na kuwasha moto kumekucha. Huku nilikuwa naamka saa ile ile, nafanya kazi ndani ya kiza, kisha kiza kinapokezana na ukungu. Karibu saa tano za kazi bila kuona jua, chini ya balbu moja.

Katika nchi za mbali kaskazini, ambako mchana wa majira ya baridi hufupika sana, huzuni ya namna hii inajulikana. Daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kitaalamu mwaka 1984, na tiba mojawapo ni kukaa asubuhi mbele ya taa kali ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa kama nusu saa. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni saa kumi na mbili na dakika chache mwaka mzima, kwa hiyo sisemi kwamba nilikuwa na ugonjwa ule. Nasema mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha saa ya mwili, na mimi nilikuwa siupati. Mpwa wa mume wangu aliniwekea kwenye simu programu ya kupima mwanga. Si kipimo cha maabara, lakini tofauti ilitosha kunishtua: jikoni chini ya balbu, luksi hazikufika 100; nje mlangoni, ukungu ukiwepo, zilikuwa maelfu; juu ya ukungu, simu ilionyesha tarakimu kubwa hata sikuendelea kuzisoma.

Kwa hiyo dawa ilikuwa kupanda mlima asubuhi. Lakini asubuhi ndiyo wakati wa mahamri, na mahamri yalikuwa shida nyingine.

Tanga unakanda unga alfajiri kwa hamira, iliki na tui la nazi, unafunika, na kabla hujamaliza kufagia umeshaumuka. Kabale nazi ni ya kutafuta kwa tochi, tunatumia maziwa, hilo si neno. Lakini unga ulikuwa hauumuki. Nimefunika sufuria kwa kitambaa, kwa blanketi, nimeiweka karibu na sigiri nikawa naigeuzageuza, upande mmoja umepata joto, upande wa pili umelala. Saa mbili madereva wanadai mahamri, mimi natoa vidonge vigumu. Hamira ni kitu hai, kwenye baridi hufanya kazi taratibu. Nikaona basi niipe muda inaoutaka. Nikaanza kukanda jioni baada ya kufunga, natia nusu ya hamira niliyozoea, nafunika, naacha usiku kucha palepale kwenye baridi ya jikoni. Asubuhi nafunua: umejaa sufuria, juu una mapovu madogo, ukiubonyeza kwa kidole unarudi kwa utulivu, na harufu yake ina kaukali fulani katamu. Mahamri yake ni bora kuliko ya Tanga, na dada yangu akisoma hapa atanuna. Kazi ya alfajiri ikabaki kukata na kukaanga, na hiyo msichana wa kazi anaiweza.

Nikapata saa yangu. Kukianza kupambazuka navaa sweta na kanga juu yake, napanda njia ya kilima cha Makanga hadi nitokee juani, au mahali ambapo mwanga umekuwa mkali hata kama jua halionekani. Nakaa kwenye jiwe, nakunywa chai ya chupa, narudi. Sifanyi mazoezi, sivai raba. Wanawake wanaokwenda mashambani walinistaajabia mwanzoni, mtu anapanda mlima bila jembe. Sasa wananisalimu "agandi" na kupita. Ndani ya wiki chache usingizi wa usiku ulitengemaa, na ule uzito wa asubuhi ukapungua. Haukuisha. Siku nikikosa kupanda mfululizo unarudi, hasa Julai.

Nimesikia ushauri mwingine mwingi, mwingi wao hauna madhara. Mmoja una madhara: kuingiza sigiri ya makaa chumbani na kufunga mlango ili chumba kipate joto. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu, na watu hulala wasiamke. Ota moto nje, kisha ingia ulale na soksi.

Na si kila huzuni ni ya ukungu. Jirani yangu mmoja alinifuata nimpeleke juu, nikampeleka, lakini yeye mchana haukumpa nafuu. Alikuwa hali, halali, na anasema maneno ya kutisha. Tulimsindikiza hospitali. Huzuni ikikaa wiki mbili bila kuachia, au mtu akianza kutamani kufa, mambo ya jiwe na chai ya chupa yaweke pembeni. Hospitali za rufaa za mikoa hapa Uganda zina vitengo vya afya ya akili.

Sasa ukiniuliza majira ninayoyapenda, nitakwambia Septemba hadi Novemba, mvua za pili. Asubuhi imeoshwa, mlima unauona hadi jani. Mchana mawingu yanajikusanya, mvua inamwagika, na madereva hawataki kushuka mteremko kwenye utelezi. Wanaingia hotelini, wanaagiza chai ya pili na ya tatu, wanasimulia habari za Mariakani na Malaba. Sitaki kujifanya, sehemu kubwa ya furaha yangu ya mvua imo kwenye droo ya pesa. Mama mkwe anafurahi kwa ajili ya maharage yake. Mume wangu ananuna kwa ajili ya matairi. Novemba akipita Masaka huniletea senene wa kukaanga, kitu ambacho mtu wa Tanga hakuzaliwa nacho na ambacho leo sigawi. Usiku ule mvua ikizidi, hata hivyo, silali vizuri: milima hii hutitirika, na kila msimu wa mvua Kigezi kuna mahali udongo umeporomoka juu ya nyumba za watu.

Dada yangu anataka kuja kunitembelea Juni, kwa sababu watoto watakuwa likizo. Nimemwambia aje Desemba mwishoni au Januari, mvua zimekatika, jua lipo, na watu wamerudi kijijini kwa sikukuu. Kama Juni ndiyo nafasi pekee, aje, ila alete ile kofia aliyoicheka, na ajue kwamba chai ya kwanza hatainywa nyumbani.