Medieval II yenye modi: nilivyozuia hazina kufurika

Nikicheza kama Uingereza kwenye Medieval II: Total War, mchezo wa vita wa kompyuta, yenye modi (marekebisho yaliyotengenezwa na wachezaji), hazina ilijaa mapema hadi kodi ikakosa maana. Kupandisha ugumu wa kampeni hakukusaidia. Kuongeza bei za vikosi kuliwabana hata wapinzani wa kompyuta, wakawa legelege.

Dawa imo kwenye faili la descr_strat.txt, folda ya imperial_campaign. Weka nakala kwanza. Tafuta "faction england", kisha mstari wa denari_kings_purse: hizo ndizo pesa za bure za kila zamu. Mstari wa "denari" ulio juu yake ni mtaji wa kuanzia tu, usikuchanganye. Nilipunguza pesa zangu za kila zamu kwa nusu, za mataifa mengine nikaziacha.

Mchezo uliohifadhiwa zamani hausomi mabadiliko hayo. Anzisha kampeni mpya. Sasa pesa zinatosha kanisa au wapanda farasi, si vyote.