Nilivyojifunza kukaa kando na kuwaachia skauti kundi lao

Nilikabidhiwa kundi la skauti lenye watoto 24. Mwaka ulipokwisha walikuwa wamebaki 9. Kwa muda mrefu niliwalaumu wazazi, nikalaumu simu, nikalaumu mitihani. Ukweli ni kwamba wale 15 niliwafukuza mwenyewe, tena kwa bidii zangu. Nilikuwa nafika na ratiba ya kila dakika, kamba nimeshazikata, mahema nimeshayakagua. Mtoto akikosea fundo namnyang'anya kamba nalifunga mimi. Kazi yao ilibaki moja tu: kunitazama mimi nikiwa skauti.

Nilizinduka kwenye mafunzo ya viongozi, yale ya Wood Badge, ambayo ukifuzu unavishwa shanga mbili za mbao shingoni. Yamekuwapo tangu mwaka 1919, yalipoanzia Gilwell Park, Uingereza. Nilikwenda nikidhani nitaongezewa mafundo. Mkufunzi akatuuliza: wiki iliyopita, ni mtoto gani aliyeamua jambo kwenye kundi lako, na aliamua nini? Wenzangu wawili watatu walijibu. Mimi nikajifanya naandika.

Usiku ule nilirudia habari za Brownsea, kisiwa cha Uingereza ilikofanyika kambi ya kwanza ya skauti, ambazo nilikuwa nikizifundisha kama tarehe za kukariri. Agosti 1907, Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwapeleka wavulana 20 kwenye kisiwa hicho, wengine watoto wa shule za kitajiri, wengine wa familia za wafanyakazi, akawachanganya katika vikosi vinne: Fahali, Mbwa Mwitu, Kunguru na Sululu (yule ndege wa pwani). Kila kikosi kiliongozwa na mvulana mmoja wao, na yeye ndiye aliyewajibika kwa wenzake. Hilo nilikuwa nalisoma na kulipita. Mwaka uliofuata kitabu chake kilipoanza kutoka vipande vipande kila baada ya wiki mbili, watoto walikinunua wakaanza kuunda vikosi wenyewe, ofisi ya kuwasajili ikija nyuma yao. Mwaka 1909 wasichana walitokea kwenye mkutano wa Crystal Palace, London, bila kualikwa, wakasema na wao ni skauti. Kufikia 1922 skauti duniani walikuwa wamefika milioni moja. Leo ni zaidi ya milioni 57 katika nchi zaidi ya 170. Watu hupenda kutaja namba hizo kama sifa ya mwanzilishi. Mimi usiku ule niliona kitu kingine: chama kilikua kwa sababu watoto walikimbia nacho kabla wakubwa hawajakishika.

Basi nikarudi, nikawagawa wale 9 katika vikosi viwili, cha watano na cha wanne, wakachagua viongozi wao. Nikaanzisha baraza la viongozi ambamo mimi sina kura. Kikao cha kwanza walikaa kimya karibu dakika kumi wakinitazama usoni. Nikajikaza kisabuni. Mwishowe mmoja akauliza kama wanaweza kufuta gwaride la kila wiki. Gwaride, jambo nililolipenda kuliko yote! Wakalifuta.

Nilijiwekea sharti: nitafungua mdomo panapokuwa na hatari ya damu, moto au maji ya kina. Mengine yote nakaa kwenye kigoda changu, mbali kidogo. Kambi ya kwanza kikosi kimoja kilisimamisha hema bondeni, pahali ambapo hata nyasi zilikuwa zimelalia upande mmoja kuonyesha maji hupita wapi. Niliona. Nikala ulimi. Saa nane za usiku mvua ikaja, maji yakaingia hadi kwenye matandiko. Kiongozi wao, msichana wa miaka 13, aliwaamsha wote, akamshikisha mdogo kabisa tochi, akawahesabu, kisha wakang'oa vigingi gizani na kuhamia kwenye mwinuko. Nilisimama pale na koti la mvua, mikono mfukoni, nikiumia kuliko wao. Asubuhi hakuningoja nihutubie. Aliita kikosi chake mwenyewe, akasema, "Kuanzia leo tunatafuta mwinuko kwanza, hema baadaye." Mwaka mzima wa mahubiri yangu kuhusu maji ya mvua haukuwahi kuzaa sentensi ile.

Si kwamba kila kitu kilinyooka. Chakula kiliungua mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na mzazi mmoja alinijia juu akiuliza nalipwa kwa kukaa kigodani. (Silipwi.) Kiongozi mmoja aligeuka mbabe, nilikaribia kumvua cheo, lakini baraza lilimwita, likamwambia, akalia, akabadilika kiasi.

Watoto walianza kurudi. Leo wako 31.

Kuna wanaopima maendeleo ya skauti kwa ukubwa wa jambori, ile kambi kubwa ya skauti wa dunia nzima. Ni kweli inasisimua, na tangu ile ya kwanza ya 1920 London imekutanisha vijana wengi. Lakini 2023 Korea Kusini, zaidi ya 40,000 walikusanywa juu ya ardhi iliyonyang'anywa bahari, joto likawaangusha, kisha tishio la kimbunga likawahamisha kabla ya siku za kambi kuisha. Wakubwa walipanga kikubwa. Ningependa kujua viongozi wa vikosi waliulizwa nini.

Mradi wetu wa mwisho wa huduma nilitaka uwe kupanda miti. Baraza likakataa. Walitaka kivuko cha magogo juu ya mtaro ambao watoto wadogo huuruka kwenda shule. Mvulana mmoja alifunga gogo la nne, akalikanyaga, likateleza. Akafungua, akaanza upya. Mara tatu. Vidole vilikuwa vimechubuka, na safari hii sikutamani kumnyang'anya kamba.

Siku ya kumalizia nilichelewa. Nilikuta kivuko kimekamilika na hakuna mtu. Kando ya kigoda changu walikuwa wamepanga mawe katika duara, na jiwe moja katikati, ile alama ya njia iliyochongwa pia kwenye kaburi la Baden-Powell kule Nyeri: tumemaliza, tumekwenda nyumbani.