Mhasibu katika darasa la lishe

Nilibakiza somo moja la sayansi ili nimalize shahada niliyoiacha njiani zamani, na chuo kikanipa orodha ya kuchagua: elimu ya nyota, elimu ya miamba au Utangulizi wa Lishe, yote kwa njia ya mtandao. Nikachukua lishe. Mama mkwe tunaishi naye, ana kisukari, na msomaji wa lebo za vyakula katika nyumba hii ni mimi. Yeye herufi zile ndogo hazioni, na mke wangu hana subira nazo.

Wengi hujiandikisha wakitarajia kufundishwa kupunguza uzito. Mhadhiri alilimaliza hilo kwenye video ya kwanza kabisa: hapa hakuna ratiba ya kula, mtajifunza mwili unavyokitumia chakula na jinsi watu walivyofika kujua hayo. Hicho kipande cha pili ndicho kilichonikamata. Mimi ni mhasibu. Ukinipa tarakimu, kabla sijaitumia nataka kujua imetoka wapi. Lebo ya chakula ni kama hesabu za mwaka zilizoletwa bila viambatisho, na kozi hii ndiyo iliyonipa viambatisho vyake.

Chukua nishati. Mwishoni mwa karne ya 19 mkemia wa Marekani, Wilbur Atwater, alikuwa akichoma vyakula ndani ya chombo kilichofungwa na kupima joto lililotoka. Kisha alitoa kile kilichopotea kwenye kinyesi na mkojo cha watu waliokula vyakula hivyo. Akapata wastani, na wastani huo ndio unaotumika mpaka leo: kilokalori 4 kwa gramu moja ya protini, 4 kwa gramu ya kabohaidreti (yaani wanga, sukari na jamii yake), 9 kwa gramu ya mafuta. Pombe, kwa wanaotaka kujua, ni 7. Zoezi la wiki lilikuwa kuchukua lebo yoyote na kuikagua. Pakiti yangu ya biskuti ilikuwa na gramu 8 za mafuta, 20 za kabohaidreti na 2 za protini. Sabini na mbili, themanini na nane, jumla 160, na lebo ilisema 160. Raha niliyoipata hapo sitaieleza kwa mtu asiye mhasibu. Nikaendelea na kabati zima.

Kabati zima halikukubali. Vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi vilitoa jumla kubwa kuliko iliyoandikwa, kwa sababu kwenye lebo hizo nyuzinyuzi huhesabiwa ndani ya kabohaidreti wakati mwili hauzimeng'enyi kama wanga. Kanuni za Ulaya huzipa kilokalori 2 tu kwa gramu. Tofauti nyingine ni za kukadiria tu, kwa kuwa sheria inaruhusu mtengenezaji kuandika namba iliyokadiriwa badala ya namba kamili. Halafu kuna lozi. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walitoa matokeo kwamba mtu anayekula lozi nzima hupata nishati pungufu kwa karibu robo ikilinganishwa na hesabu ya Atwater, maana sehemu ya mafuta hubaki imefungiwa ndani ya kuta za seli, inapita tumboni na kutoka ilivyoingia. Lebo ikasema kweli kwa mujibu wa kanuni, na tumbo likasema lake.

Kuhusu kusoma kwa mtandao sina mengi. Video zilirekodiwa, kila wiki jaribio, mwisho wa kukusanya kazi ni Jumapili usiku wa manane. Mfumo wa majaribio ulikuwa mkaidi: ukiandika 56 bila kuweka "g" unapewa sifuri, ukiweka nafasi mbili badala ya moja unapewa sifuri, na barua pepe ya kulalamika inajibiwa wiki mbili baadaye na mtu ambaye hakuisoma. Mtihani wa katikati ya muhula ulisimamiwa kwa kamera. Unazungusha kompyuta uonyeshe kuta, meza na sakafu, na mtu mwingine haruhusiwi kuingia chumbani. Mama mkwe alijipa cheo cha mlinzi, akaweka kiti kwenye korido na kumzuia kila aliyepita, pamoja na mke wangu aliyekuwa anataka pasi yake.

Sura iliyotutoa jasho ni ya mmeng'enyo na ufyonzaji. Video haitoshi hapo. Chukua karatasi kubwa uchore mwenyewe, kuanzia mdomo, na uandike pembeni kila kimeng'enya, yaani kemikali ya mwili inayovunja chakula, kinatoka wapi na kinafanya nini. Mimi nilikwama kwenye mafuta mpaka nilipoyachora. Sukari na asidi amino (vipande vidogo vya protini) zina njia fupi: zinavuka ukuta wa utumbo mwembamba, zinaingia kwenye damu, na mshipa mmoja mkubwa unazipeleka moja kwa moja kwenye ini. Mafuta hayaelewani na maji, kwa hiyo yanataka shughuli. Nyongo inayatawanya kuwa matone madogo, kimeng'enya kutoka kongosho kinayakata, vipande vinaingia kwenye seli za utumbo, na humo ndani vinaunganishwa upya kuwa mafuta! Baadaye yanavikwa protini kwa nje na kutumwa kwenye mfumo wa limfu, mirija inayobeba majimaji ya mwili, siyo kwenye damu. Yanapanda hivyo mpaka karibu na bega la kushoto, ndipo yanamwagwa kwenye mshipa wa damu. Yanafika kwenye mzunguko wa mwili mzima kabla ini halijayapokea. Binti yangu, ambaye naye anasoma biolojia shuleni, aliuangalia mchoro akasema, "Baba, hii ni kazi ya kuvunja nyumba na kuijenga tena ili tu uvuke mlango." Nikamwambia aiandike kwenye mtihani wake.

Sura za vitamini wengi huziogopa kwa sababu ya kukariri. Zipo 13, nane kati ya hizo ni za kundi B, na A, D, E na K ndizo zinazoyeyuka kwenye mafuta. Mimi nilizishika kwa njia ya magonjwa, na hasa pelagra. Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimtuma daktari Joseph Goldberger kwenye majimbo ya kusini, ambako watu walikuwa wakibabuka ngozi, wakiharisha, wakichanganyikiwa na kufa. Wengi waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza. Goldberger akagundua jambo ambalo mkaguzi yeyote mzuri angeligundua: katika nyumba za yatima na hospitali za wagonjwa wa akili, waliolazwa waliugua lakini wafanyakazi hawakuugua. Viini vya ugonjwa vingejuaje nani ni mfanyakazi? Tofauti ilikuwa kwenye sahani. Waliolazwa walikula mahindi, sharubati nzito ya miwa na mafuta ya nguruwe. Wafanyakazi walikuwa na nyama, maziwa na mayai.

Mwaka 1915 alikwenda kwenye gereza moja la Mississippi, na wafungwa waliojitolea wakaahidiwa msamaha wakikubali kula ule mlo duni. Baadhi yao wakapata pelagra. Mhadhiri alitutaka tuandike kurasa mbili kuhusu ridhaa ya mfungwa anayeahidiwa uhuru, na hiyo ndiyo insha pekee niliyoiandika kwa hasira. Wapinzani hawakuridhika, basi mwaka 1916 Goldberger na wenzake wakajichoma sindano za damu ya wagonjwa na kumeza vidonge vyenye magamba ya ngozi, mkojo na kinyesi vya wagonjwa hao. Mkewe naye alichomwa sindano ya damu hiyo. Hakuna aliyeugua pelagra. Goldberger alifariki mwaka 1929. Niasini, kirutubisho kilichokosekana, ilikuja kutambuliwa mwaka 1937.

Baada ya hapo nilitaka kujua ile miligramu ya niasini kwenye boksi la nafaka za asubuhi inalinganishwa na nini. Hapa kozi inageuka kuwa takwimu. Marekani na Kanada hutumia mfumo mmoja wa viwango. Kwanza wanatafuta kiasi kinachowatosha nusu ya watu wenye afya wa umri na jinsia fulani. Kisha wanaongeza juu yake mpaka kiwafae asilimia 97 hadi 98 ya watu hao, na hicho ndicho kiwango kinachopendekezwa kwa siku. Kwa hiyo kwa wengi wetu kina ziada ndani yake. Mtu aliye chini kidogo ya kiwango si lazima awe na upungufu, na hakuna mtu wa mtaani anayejua mahitaji yake halisi yamekaa upande gani. Protini ni gramu 0.8 kwa kilo ya uzito, maana yake mtu mzima wa kilo 70 anaambiwa gramu 56. Madini ya chuma yalizua mjadala mezani kwetu: mwanamume mtu mzima miligramu 8, mwanamke wa miaka 19 hadi 50 miligramu 18, mjamzito 27. Mwanamke kwa kawaida anahitaji nishati kidogo kuliko mwanamume, lakini chuma anatakiwa apate zaidi ya mara mbili, tena kutoka kwenye chakula kichache zaidi. Binti yangu akadai vipande vikubwa vya nyama kwa mujibu wa sayansi. Mke wangu amehamisha chai yake kutoka wakati wa mlo hadi baadaye, kwa kuwa chai hupunguza ufyonzaji wa chuma kinachotoka kwenye mimea.

Kazi kubwa ya muhula ilikuwa kuandika kila kinachopita mdomoni kwa siku tatu, mbili za kazi na moja ya mapumziko, na kukiingiza kwenye programu ya uchambuzi. Kila mtu anadhani ugumu wake ni kukumbuka. Ugumu ni kupima. Mchele mkavu una takriban kilokalori 360 kwa gramu 100, wali takriban 130, na programu inakuwekea vyote viwili vikifuatana kwenye orodha. Ukibofya mstari usio wako siku nzima imeharibika. Mafuta ya kupikia ndiyo mabaya kuliko yote, kwani kijiko kimoja cha mezani ni kama kilokalori 120 na hakuna mpishi anayemimina kwa kijiko. Nikabuni utaratibu: chupa inawekwa kwenye mizani kabla ya kupika na baada ya kupika, tofauti inagawanywa kwa idadi ya walaji. Mke wangu aliuvumilia. Mama mkwe alisogeza sahani yake pembeni. "Baba, mimi usiniandike," akasema. "Sawa, mama," nikamjibu, na sikumwandika.

Matokeo yangu: protini ya kutosha, nyuzinyuzi chache, sodiamu juu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na gramu 2 za sodiamu. Lebo ikitaja sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Nilidhani mhalifu wangu atakuwa kikopo cha chumvi. Programu ilipopanga vyanzo kwa ukubwa, mkate ndio uliokuwa juu. Kila kipande kina chumvi kidogo tu, ila mimi vipande nakula vingi.

Mama mkwe sasa ananiuliza maswali ya dawa na vipimo vyake, nami namrudisha kwa mtaalamu wa lishe wa kliniki yake, maana kozi ya utangulizi haimfanyi mtu kuwa mtabibu. Nilichoweza kumfanyia ni kwenye lebo: namsomea safu ya gramu 100 tunapolinganisha bidhaa mbili, kwa sababu "kiasi cha kula mara moja" kinaweza kutofautiana kati ya bidhaa na bidhaa, kisha namwambia kabohaidreti ni ngapi kwenye kiasi anachokula yeye hasa. Yeye huandika kwa kalamu nene kwenye mfuniko. Mizani bado ipo jikoni, na kozi inayofuata inataka uwe umesoma kemia kwanza, kwa hiyo nimejiandikisha kemia.